Matundu ya Juu ya Mnara wa Njiwa

Mwezi uliopita tulimzika mama-mukwe wangu, Maman Véronique, halafu tukarudi kula katika ukumbi wa parokia moja huko Jette, hapa Brussels. Ukumbi nililipia mimi, vinywaji mimi, na magari yaliyowapeleka watu makaburini ni yangu, yale meupe yenye jina langu ubavuni ambayo watu wa Anderlecht wanayaona kila asubuhi. Bon. Watu walipokwisha kushiba, mdogo wa marehemu, Tonton Faustin, alichukua mikrofoni akaanza ile hadithi yake ya mukwe wa château, mukwe wa jumba la mabwana. Ameisimulia kwenye ndoa, kwenye ubatizo, hata mara moja hospitalini, mgonjwa akiwa na mrija puani. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana nimejifunza kwamba anayechekwa akicheka kwa nguvu, watu wanamaliza haraka. Lakini zamani, Faustin akifika pale penye ngazi, Maman Véronique alikuwa anasema kutoka kwenye kiti chake, "Faustin, inatosha," na hadithi inakatika. Safari hii hapakuwa na wa kusema inatosha. Akaendelea mpaka mwisho anaoujua yeye, na mwisho anaoujua yeye si mwisho. Nilirudi nyumbani, nikakaa jikoni na koti la msiba mwilini, uso ukiniwaka kama jambo lile lilitokea asubuhi hiyo.

Baba na mama yangu, Lubumbashi, na safari ya kuja huku, hayo niyaache. Shule niliishia darasa la sita. Kiswahili cha kuandika nimekipata kanisani kwa kusoma Biblia mbele ya watu, na ufundi nimeupata kwa mikono hii. Leo mtu akitaka paa la nyumba ya zamani lisimame tena bila kuonekana kama limeguswa, ananipigia simu mimi, na wasanifu wenye miwani wananingoja nimalize kusema. Lakini mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, na chumba chetu Anderlecht kilikuwa cha watu watatu na sufuria moja. Dirisha lilitazama ukuta wa ghala. Tulipokezana kupika: sardini na mkate siku za kazi, bukari, yaani ugali, siku ya Mungu, na anayepika ndiye aliyekuwa na haki ya kukaa kwenye kiti. Jirani alikuwa akigombana na televisheni yake kila jioni, tukajua habari za dunia kwa matusi yake. Mimi mle ndani nilikuwa nasema sana. Niliwaambia wenzangu kwamba ndani ya muda mfupi watanitafuta kwa miadi. Walinirushia soksi.

Katika jengo hilohilo, ghorofa mbili juu, walikaa Papa Sylvain na mke wake Maman Joséphine, watu wa Bukavu, waliofika huku wakikimbia vita. Papa Sylvain alikuwa anakaribia miaka sitini. Ndiye aliyenipeleka kazini, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuzima chokaa kwa maji bila kujiunguza na jinsi ya kuusikiliza ukuta kwa kuugonga. Patron wetu, mwenye kampuni, Mbelgiji, alikuwa anakuja asubuhi, ananusa, anaondoka. Chef de chantier wa kweli, msimamizi wa kazi, alikuwa Papa Sylvain, na mimi nilikuwa mwenye brashi na ndoo. Aliniita mutoto. Mara nyingi nilikula kwake, sombe ya majani ya muhogo na samaki, na sikumbuki hata siku moja nilipoulizwa nimeleta nini.

Kazi ya mwaka ule ilikuwa mnara wa njiwa, katika bustani ya nyumba kubwa huko Uccle. Mwenyewe alikuwa mjane mzee tuliyemwita Madame tu. Alisema babu wa babu zake alitoka Ufaransa na mafundi wa kwao, akawaamuru wamjengee mnara kama ule wa kwa baba yake, ule ambao Wafaransa wanauita colombier. Ulikuwa wa mviringo, chini jiwe jeupe, juu matofali mekundu, paa limechongoka kama kofia, na juu ya kofia kijumba kidogo chenye madirisha, mlango wa njiwa. Nje, katikati ya ukuta, ukanda wa jiwe ulitokeza ukauzunguka mnara wote. Nilidhani ni urembo. "Mutoto," Papa Sylvain akaniuliza, "weye ukikuwa panya, unapita wapi?" Nikatazama, nikaelewa: panya akipanda anafika pale anagonga kichwa, anarudi chini kwa njia ya hewa. Mlango wa watu ulikuwa mmoja, mfupi, na kila anayeingia anainama, awe mfalme awe mwenye ndoo. Ndani ndimo nilimonyamaza, na mimi kunyamaza si kawaida yangu. Kuanzia magotini mpaka paani, ukuta wote ni matundu, safu juu ya safu, kila tundu nyumba ya njiwa wawili. Katikati umesimama mti mmoja mnene wa mwaloni, chini umekalia ncha ya chuma juu ya jiwe, juu umeshikwa na boriti. Mti una mikono, na kwenye mikono imefungwa ngazi karibu kabisa na ukuta. Unapanda ngazi, unasukuma ukuta kwa kiganja, na mti wote unazunguka na wewe, polepole, bila kelele. Zamani walikusanya makinda hivyo, tundu kwa tundu, bila kushuka. Umekaa mamia ya miaka, na ulikuwa unazunguka kama mlango wa benki. Nimefanya kazi nyingi kubwa baadaye, lakini ngazi ile niliipenda kama mtu.

Saa sita Madame alituletea supu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatuambia mambo. Enzi za wafalme wa Ufaransa, alisema, mahali pengi si kila mtu aliruhusiwa kujenga mnara wa namna hii. Ilikuwa haki ya bwana mwenye ardhi, na wingi wa matundu ulifuata ukubwa wa mashamba yake. Ukihesabu matundu, umejua mtu. Njiwa walikwenda kula mbegu za wakulima, na mkulima hakuwa na ruhusa hata ya kurusha jiwe.

Papa Sylvain aliweka kijiko chini. "Donc, njiwa wa tajiri anakula shamba ya maskini, kisha tajiri anakula njiwa."

"C'est ça, monsieur Sylvain."

"Na mavi?"

"Ya tajiri pia. Ilikuwa mbolea ya thamani sana."

"Haa! Hata mavi!" Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye chokaa, na Madame akacheka naye. Aliongeza kwamba mapinduzi yalipokuja, haki ile ya njiwa ilikuwa kati ya haki za kwanza kufutwa. Papa Sylvain akasema hiyo anaielewa, yeye angeanza na hiyo.

Mimi ndiye niliyesafisha matundu, kwa kuwa magoti yangu yalikuwa mazima na ya Papa Sylvain yalikuwa yamefungwa kitambaa cha sufu tangu vuli. Nilipofika safu za juu, pale ambapo mwanga wa mlango haufiki, brashi iligonga ukuta mara moja. Tundu halikuwa na ndani. La pili vilevile, na la tatu: kina cha vidole viwili, lipu imepakwa rangi nyeusi katikati ili mtu wa chini aone giza. Nilidhani fundi alichoka akaacha kazi kabla ya kuimaliza, nikamdharau kidogo, nikaendelea.

Mwaka huohuo nilikuwa nimempata Odette. Alikuwa anasomea uuguzi kule Jette, hasemi sana, na nilipojisifu mbele yake alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri basi jingine. Kwetu, kabla familia ya binti haijapokea barua ya posa, inatuma macho kwanza. Macho yao yalikuwa Tonton Faustin. Alinikaribisha kwake, akanipa kinywaji, akakunja mikono juu ya tumbo.

"Weye kijana, kazi yako njo nini?"

"Niko chef de chantier, tonton. Tunatengeneza château kule Uccle. Mnara wake."

"Château! Na bantu ngapi iko chini yako?"

"Iko moja papa ya Bukavu, na bengine."

Hao wengine hawakuwapo. Nje, Odette aliniambia, "Sema kweli tu. Mama hatafuti château." Nikamwambia aniachie mimi, mambo ya wanaume nayajua. Haukupita muda Madame akatangaza kwamba kazi ikiisha atafungua bustani kwa majirani waje kuuona mnara, na Faustin alipolisikia hilo akasema, "Bon, na siye tutakuya."

Nilipanda kwa Papa Sylvain nikamkuta mezani. Nilisema yote kwa pumzi moja: bakwe bangu wanakuja, nilisema mimi ndiye chef.

Aliendelea kutafuna. "Na miye niko nini?"

"Ouvrier wangu, papa, mutu wa kazi. Siku moja tu."

Maman Joséphine alitua sufuria kwa kishindo. Papa Sylvain akamwangalia mke wake, si mimi. "Mutoto anatafuta bibi. Na miye nilitafuta. Haukumbuke nilimwambia baba yako niko na ngombe?"

"Ngombe ilikuwa ya kaka yako."

"Lakini ilikuwa ngombe." Akanisogezea samaki. "Siku moja."

Nimefikiri sana juu ya samaki yule. Angenikatalia pale, ningerudi chini nimekasirika, na ningekuwa mtu mwingine leo, pengine mwenye magari machache zaidi lakini anayelala vizuri.

Siku ilipofika nilivaa koti, nikaazima kofia nyeupe ya patron, nikabana kwapani ramani ya mnara ambayo sikujua kuisoma. Wakwe zangu waliteremka kwenye tramu wamevaa vitenge vya sikukuu, na sanduku la barafu ndani yake kuku na bukari, maana huendi kuona kazi ya mukwe mikono mitupu. Faustin mbele, mashangazi wawili, Odette, na nyuma kabisa, jambo ambalo sikulitazamia, Maman Véronique mwenyewe. Kwetu bukwe, heshima kati ya wakwe, si mchezo. Mwanamume hakai chumba kimoja na mama-mukwe wake, hali chakula mbele yake, hamtazami machoni, na hata siku moja miguu yake haiwi juu ya kichwa chake. Nilimtafutia benchi mbali, chini ya kivuli. Papa Sylvain alipita na ndoo. "Chef, niweke wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, bila kumtazama. Faustin akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nakiri nilijisikia vizuri. Dakika ile ilikuwa tamu.

Lakini Madame hakujua bukwe ni nini. Alimwona mama wa watu amekaa peke yake, akaenda akamshika mkono, "Venez, venez, chère madame," akamvuta mpaka mlangoni, akamwinamisha na kilemba chake kikubwa, akamwingiza. Nami nilikuwa ndani tayari pamoja na Papa Sylvain, na watu, Faustin na Odette kati yao, wamejaa mlangoni nyuma yao. Jamani, nyumba ya mviringo haina kona. Nilisogea kushoto, naye akasogea kushoto kunikwepa, tukawa tunauzunguka ule mti wa katikati kama ngazi yenyewe, yeye uso kwenye matundu, mimi uso kwenye viatu vyangu, na majirani wa Uccle wakitutazama wakidhani ndivyo watu wa kwetu wanavyoangalia mnara.

"Sasa," Madame akasema, "mmoja apande atuonyeshe jinsi inavyozunguka." Akanitazama mimi, kwa mapenzi kabisa. "Wewe, mon grand, ngazi ni yako."

Nikipanda, miguu yangu iko juu ya kilemba cha mama-mukwe. Nikipanda, Faustin anajua mwenye brashi ni nani. Nilimgeukia Papa Sylvain, nikanyoosha kidole juu, nikasema, "Panda." Sikusema hata papa. Aliweka ndoo chini, akanitazama kwa muda, kisha akashika ngazi. Kila kipago alikipanda kwa mguu uleule wa kulia, wa kushoto unafuata kama mzigo. Alipofika juu akasukuma ukuta, mti ukazunguka, watu wakapiga makofi. Ngazi ilitetemeka kidogo, na haikuwa ngazi.

Madame akawasha tochi, akamulika safu za juu. Alisema kwa Kifaransa, akicheka, kwamba pale pana siri ya familia. Babu yule alikuwa anamwoza binti yake, na watu wa bwana harusi walikuwa wanakuja kuhesabu matundu ili wajue ana ardhi kiasi gani. Basi akawaita mafundi wakamchongea matundu ya uongo, juu, gizani, ili aonekane mkubwa kuliko alivyo. "Mwambie madame kwa lugha yenu," akaniambia, akimshika Maman Véronique bega, "anaonekana hakufuata vizuri."

Na kweli, Kifaransa chake kilikuwa cha dukani. Nilisema, nikiutazama mti, "Madame anasema mzee wake alikuwa tajiri sana, mpaka matundu ikakosa nafasi, bakapanda nayo juu."

Juu yangu nilisikia Papa Sylvain akikohoa. Halafu sauti ya Odette, taratibu, kama anavyosema na wagonjwa.

"Hapana, mama. Hakusema vile. Anasema ile ya juu ni ya uongo. Walichonga ya uongo ili bakwe bamuone mukubwa."

Shangazi mmoja alisema "Eee!" kisha akajiziba mdomo. Maman Véronique hakugeuka. Alisema na ukuta, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

"Papa, weye uko juu, shuka. Magoti yako inatetemeka. Miye ninatoka inje, mwenye ngazi apande."

Akashika kilemba chake, akainama, akatoka. Alitoka ili bukwe isivunjike, ili nisiwe juu ya kichwa chake. Hata saa ile ya kunivua nguo alinitunzia heshima. Papa Sylvain akashuka. Nikapanda, na koti, na kofia ya patron, nikasukuma ukuta, nikazunguka. Mkono wangu ulipita juu ya matundu yasiyo na ndani, moja baada ya jingine, na chini Faustin alikuwa ameshika mbavu. Hapo ndipo hadithi yake inapoishia: "Na mukwe wetu akazunguka sawa njiwa!" Watu wanapiga meza. Hasemi kwamba nje, walipofungua chakula, dada yake alimpa Papa Sylvain firigisi ya kuku, fungu la heshima lililopikwa kwa ajili yangu, wala kwamba mzee aliishika mkononi muda mrefu kabla ya kuila.

Wiki ile, kwenye jengo jingine, tulifanya kazi bila neno zaidi ya "chokaa" na "maji". Ijumaa Faustin akanipigia simu. Sauti yake haikuwa na kicheko. "Dada yangu anasema hivi. Barua tutaipokea, dimanche, saa tisa. Lakini anaileta ule papa wa ngazi. Yeye njo atasema sawa baba yako. Akikataa, mambo imeisha." Nilimpigia Odette. Alisema, "Umesikia alichosema mama," akakata.

Nilikuwa na wajomba huku. Nilikuwa na mhubiri mwenye sauti nzuri aliyekubali tayari. Ningeweza kumpata yeyote Brussels hii asimame badala ya baba yangu, isipokuwa huyo mmoja. Jumapili baada ya misa nilipanda zile ghorofa mbili nikiwa nimeandaa maneno. Maman Joséphine alinifungulia, akarudi chumbani bila kunijibu salamu. Papa Sylvain alikuwa mezani na fulana ya ndani, miguu ndani ya beseni la maji moto. Maneno yote yaliniisha. Mimi, ambaye wenzangu walinirushia soksi ili ninyamaze, nilisimama pale mpaka yeye akaniambia kaa. Nilisema tu kwamba wananitaka saa tisa na kwamba Maman Véronique anataka yeye. Samahani niliimeza.

Alitoa miguu majini, akaifuta, mmoja kisha mwingine, akaingia chumbani na kuacha mlango wazi kidogo.

"Anataka nini?" Maman Joséphine aliuliza.

"Niende kwa bakwe bake."

"Alikupandisha ile ngazi mbele ya bantu. Leo anataka ukuwe baba yake?"

"Joséphine."

"Hakuna Joséphine. Haya magoti nilikanda miye. Si yeye."

Nikasikia kabati ikifunguliwa. Nilikuwa nimekwisha kuinuka niende zangu, mkono uko mlangoni, nikijiambia kwamba ni haki, kwamba mtu hawezi kuombwa mara mbili.

"Suruali yangu ya gris, ile ya kanisa, iko wapi?"

"Iko na mikunjo."

"Basi weka pasi."

Nikarudi nikakaa. Niliisikia pasi ikiguna juu ya kitambaa chenye maji, muda mrefu, mguu mmoja wa suruali na mwingine. Kisha Maman Joséphine akatoka, jasho usoni, akapita jikoni, akaja na sahani akaiweka mbele yangu. Hakuniangalia.

"Kula," akasema. "Papa yako anavaa."